Kiti cha pikipiki kilichoundwa upya kwa ajili ya kiuno: uzoefu wangu wa njia ya Dar es Salaam hadi Iringa

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwa pikipiki ya CC 150 hukaa kitini kwa takribani kilomita 500, na kwangu mimi kiuno kilikuwa kikianza kuuma kabla hata ya Chalinze. Maumivu yalitulia kidogo nilipopumzika Morogoro, kisha yakarudi kwa nguvu kwenye matuta ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi.

Nilianza na mkanda mpana wa kiuno, ule ambao wauzaji huusifu kana kwamba ni dawa. Una kazi yake: hushikilia misuli pikipiki inaporuka, hukinga upepo wa baridi ukishapanda mlima Kitonga, na hukukumbusha kunyoosha mgongo unapoanza kujikunja. Hata hivyo, mkanda haubadilishi namna nyonga zinavyokaa juu ya kiti, na tatizo langu lilikuwa hapo.

Kiti nilichokuta kwenye pikipiki kilikuwa na sponji laini na kilielemea mbele. Sponji ya namna hiyo hupendeza unapoijaribu dukani, lakini mwendo ukiwa mrefu hubonyea mpaka mifupa ya makalio ikakaribia bati la chini. Nyonga huanguka nyuma, mgongo wa chini hupoteza mpindo wake wa asili, na kila mtikisiko hupanda moja kwa moja kwenye pingili. Mteremko nao hukusukuma kuelekea tangi la mafuta, nawe ukijizuia kwa mikono, mabega yanachoka pamoja na kiuno.

Fundi wa viti niliyempelekea kazi hiyo alinikalisha kwanza juu ya pikipiki nikiwa na mavazi ya safari, akatia alama za chaki mahali mifupa inapobeba uzito, ndipo akavua kava. Aliondoa sponji ya zamani na kuweka ile nzito ya vipande vilivyogandamizwa, kama ya magodoro magumu, akainyanyua zaidi upande wa mbele ili kiti kiwe tambarare, kisha akafunika kwa tabaka jembamba la sponji laini. Kingo za mbele alizipunguza ili mapaja yasibanwe na miguu ifike chini bila shida. Kila anayekikalia kwa dakika moja hukilaumu kuwa ni kigumu. Afike nacho Ruaha Mbuyuni, mbele ya Mikumi, kwanza, ndipo tuzungumze.

Tofauti niliiona katika safari ya kwanza. Sasa navuka Mikumi nikiwa na uchovu wa kawaida, na kiuno huanza kulalamika karibu na Ilula, Iringa ikiwa imekaribia, tena kwa kiasi ambacho kusimama na kutembea kidogo hukiondoa. Siwezi kukipa kiti sifa zote, kwa kuwa wakati huohuo nilirekebisha shokapu kulingana na mzigo, nikauvuta usukani nyuma kidogo ili viwiko vikunjike, na nikaacha kubeba begi mgongoni, maana uzito wake wote huishia kwenye uti wa mgongo. Kwenye matuta bado ninainuka juu ya vikanyagio, kwa sababu magoti hupokea mshtuko vizuri kuliko kiuno. Mwenye maumivu yanayoshuka mguuni au yanayoambatana na ganzi asimpelekee fundi wa viti tatizo hilo. Aende hospitali, na ganzi ikiwa ya sehemu za siri, au mkojo ukigoma au kutoka bila kujizuia, aende siku hiyohiyo.

Kasoro zipo. Leza nyeusi ya kava huchoma juani, na kiti kimepanda kidogo, jambo ambalo mtu mfupi anapaswa kulijaribu kabla gundi haijawekwa. Kubwa zaidi ni mshono uliopitishwa juu, katikati ya kiti: mvua ikinyesha, maji huingia humo na sponji hubaki na unyevu hata baada ya kava kukauka. Ukiagiza kazi kama hii, sisitiza mishono ikae pembeni na karatasi ya nailoni itandikwe chini ya kava. Nililipa shilingi 45,000, vifaa vikiwa ndani ya bei hiyo, na kwa kazi ya sponji pekee ningelipa tena bila kusita. Kava nitalirudisha lishonwe upya kabla ya masika.