Bajeti mbili za wakati wa korona: kimya cha 2020, kelele za 2021

Bajeti ya Tanzania ya 2020/21, iliyosomwa bungeni Dodoma Juni 2020, ilikuwa ya shilingi trilioni 34.9. Mshahara usiokatwa kodi ulipanda kutoka 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi. Nafuu ya kweli, ila kwa mwenye ajira rasmi; muuza mboga wa soko la Majengo haikumgusa, kwa hiyo hakuwa na la kusema.

Ya 2021/22, trilioni 36.3, iligusa simu ya kila mtu. Tozo ya miamala ya fedha kwa simu ilianza Julai 15, 2021, na ilikata mara mbili: ulimtumia mama Kondoa, ukakatwa, akienda kwa wakala kutoa, akakatwa tena, juu ya ada ya kawaida ya mtandao. Wengi wakarudi kutuma fedha taslimu kwa makondakta, hatari zake wanazijua. Kelele zilifanya kazi: Septemba tozo ikapunguzwa asilimia 30.

Kodi ya jengo kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla), mwaka huo 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ilimwangukia mpangaji anayenunua umeme. Tunza risiti, mkate mwenye nyumba kwenye kodi ya pango. Nyumba yenye mita mbili za umeme ikikatwa kotekote, peleka namba zote za mita TRA, Mamlaka ya Mapato.