Siku Moja ya Msitu na Mapango Mlimani Elgon, Wakati wa Baridi

Mwezi wa Julai, wakati watu wengi wa nyanda za juu hawatoki nyumbani bila sweta, nililipia matembezi ya siku moja katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, kupitia kwa mwandalizi wa safari aliyeko Kitale ambaye sitamtaja jina. Malipo yake yalijumuisha gari la kwenda na kurudi, mwongozaji, chakula cha mchana na tochi, ilhali kiingilio cha mbuga nilijilipia mwenyewe.

Gari lilifika saa kumi na mbili kamili asubuhi kama tulivyoahidiwa, na kwa hilo ninampongeza, kwa sababu msimu huo mvua hunyesha mlimani karibu kila alasiri na anayechelewa kuondoka hurudi amelowa chepechepe. Katika lango la Chorlim tulipewa askari wa wanyamapori mwenye bunduki, maana huwezi kutembea humo kwa miguu bila kusindikizwa. Wapo nyati, na wapo ndovu.

Msitu wenyewe ni mzito. Miti ya podo na ya teki ya Elgon imenyooka juu, na ni minene kiasi kwamba watu wawili wakishikana mikono hawaumalizi mzingo wa shina moja, na kuvumwani, ile mimea ya kijivu inayoota kwenye magome, zinaning'inia kwenye matawi kama ndevu za mzee. Mvua haikuwa ikinyesha asubuhi hiyo, lakini ukungu uligeuka matone yaliyotudondokea shingoni njia nzima, na vidole vyangu viliganda hata nikashindwa kufunga zipu ya koti. Mbega walikaa juu wamejikunyata, mikia yao myeupe ikiwa imelegea, wala hawakujishughulisha nasi.

Pango la Kitum ndilo lililonipeleka, nalo halikuniangusha. Limeingia mlimani kiasi cha mita 200, na ndovu wamechangia pakubwa kulipanua: kwa vizazi vingi wamekuwa wakiingia usiku gizani, wakichokonoa ukuta kwa pembe na kutafuna vipande vya mwamba ili wapate chumvi, ambayo ni haba katika majani wanayokula. Askari alilaza mwanga wa tochi yake ubavuni mwa ukuta, na hapo mifereji ya pembe ikajitokeza, mingi, imelala sambamba kama alama za vidole kwenye bonge la ugali uliopoa. Mingine ilikuwa juu ya kichwa changu. Chini palikuwa na kinyesi cha ndovu ambacho, kwa maelezo yake, kilikuwa cha siku mbili tu.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, mtu mmoja kila mara aliyekuwa amelitembelea pango hilo aliugua homa ya Marburg na kufariki, na baadaye wanasayansi wamethibitisha kwamba popo wanaokula matunda, jamii ileile inayoishi humo, hubeba virusi vya ugonjwa huo. Mwandalizi hakutueleza lolote kabla ya safari wala hakuleta barakoa. Ni askari aliyetusimamisha mlangoni, akatutahadharisha tusiguse kuta wala kinyesi cha popo, na akakataa kutupeleka ndani zaidi. Mama mmoja wa kundi letu alikuwa na barakoa za enzi ya Korona zilizosahaulika mkobani, tukagawana. Tochi nazo zilikuwa tano, mbili zikawaka vizuri, na moja ikazimika kabisa tukiwa bado ndani.

Pango la Makingeny, lililo karibu, ni pana zaidi, na wakati wa mvua maji huteremka mbele ya mdomo wake kama pazia, kwa hiyo tulipita kwa pembeni tukishikilia mizizi. Askari alitukumbusha kwamba katika mapango ya mlima huu jamaa za Wasabaoti waliwahi kuishi pamoja na ng'ombe wao, jambo ambalo mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alilishuhudia alipofika hapa mwaka 1883. Chapati na ndengu tulizila mlangoni zikiwa baridi kama jiwe. Chai ya tangawizi, namshukuru aliyeifunga ile chupa, ilikuwa bado inaunguza ulimi.

Mbuga na askari wake ninawapa nyota tano. Mwandalizi nampa tatu: dereva wake ni makini na bei yake ni ya haki, lakini anayempeleka mtu pangoni hana budi kumweleza habari za popo kabla ya kupokea pesa. Ukienda msimu huu, beba tochi yako, barakoa, glavu na gambuti. Mimi nilivaa viatu vya ngozi, vikakauka siku ya nne.