Winchester ya 1885 na Kitako Chake cha Hilali

Ndugu watazamaji, kabla sijaiinua bunduki hii mbele ya kamera, naomba mlitazame bega langu la kulia. Alama hizi mbili nyekundu, moja juu na nyingine chini, zimeachwa na ncha mbili za kibati cha chuma kilichofungwa nyuma ya kitako cha Winchester ya 1885, na leo siondoki hapa kabla sijakilalamikia kibati hicho mpaka niridhike.

Yale ambayo wengi wenu mnayafahamu nitayapita haraka. Hii ni bunduki ya risasi moja iliyobuniwa na John Moses Browning, akaipatia hataza mwaka 1879, kisha kampuni ya Winchester ikainunua hataza hiyo na kuitoa bunduki sokoni mwaka 1885. Yangu ni ya aina iitwayo High Wall, ile yenye kuta ndefu kandokando ya chemba, yaani pale risasi inapoingizwa, na inatumia risasi ya .45-70, ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1873. Hiyo 70 ni greni za baruti nyeusi, takriban gramu nne na nusu, na baruti hiyo ndiyo inayosukuma donge la greni 405, yaani gramu 26 hivi, kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde.

Kila ninapoitaja bunduki hii huandikiwa kwamba ndiyo iliyoyamaliza makundi ya nyati wa Marekani. Naomba tusahihishane: ilipotoka kiwandani, makundi yale yalikwisha kuangamizwa, na Sharps, bunduki nyingine ya risasi moja iliyoitangulia hii, ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya lawama hizo. Sharps ninayo pia, na nyundo yake ya ubavuni ni nzito kiasi kwamba huitikisa shabaha wakati inaanguka, jambo ambalo Browning aliliponya kwa nyundo ndogo iliyokaa katikati.

Sasa turudi kwenye kitako. Tazameni umbo lake kwa ubavu: ni hilali kamili, imebonyea katikati, ncha ya juu imechongoka na ya chini imechongoka zaidi. Mtu aliyezoea bunduki za kisasa zenye mpira nyuma huibandika kitu hiki pale pale alipozoea, kwenye shimo la bega karibu na mtulinga, na ndivyo nilivyofanya mimi siku ya kwanza kwa ujuaji wangu. Risasi tano tu zilinitosha. Mahali pake hasa ni hapa, nje ya kiungo cha bega, juu ya mkono wenyewe. Simama wima, geuza mwili uwe karibu ubavu kwa shabaha, nyanyua kiwiko mpaka kilingane na bega, halafu uache hilali iikumbatie sehemu ya juu ya mkono. Mnaona inavyojifunga yenyewe? Haiteremki, haipandi, na hata nikiufungua wenzo kuteremsha bloku, kile kipande cha chuma kinachofunga chemba, nikatoa ganda na kuingiza risasi nyingine, kitako hakijasogea hata kidogo.

Nakiri kwamba nikiwa nimesimama hivi hasira yangu hupungua, na pengine nimeanza hata kukipenda. Waliokichonga walikuwa na mpigaji wa kusimama akilini, naye walimtendea haki. Lakini ngojeni nikae mezani, niegemeze mtutu kwenye mfuko wa mchanga kama tunavyofanya sote tunapopima shabaha. Nikikaa, kifua huelekea mbele, mkono hauwezi tena kukaa ubavuni, na hilali hurudi kule kule kwenye mfupa. Nafyatua mara moja tu, mwone. Mmeona ncha ya chini ilivyochimba? Hiyo ilikuwa risasi ya kawaida, wala si zile kali zilizopakiwa nguvu zaidi.

Na zile kali sizitumii kabisa, wala si kwa kuogopa maumivu tu. Bunduki nyingi za zamani za aina hii zina tundu pana la pini inayogonga risasi, hivyo shinikizo likizidi, bati la fataki, kile kiwashio kilicho nyuma ya risasi, husukumwa nyuma likaingia tunduni. Fundi bunduki anayeijua kazi huliziba tundu hilo kwa kibushi, yaani kipande kidogo cha chuma, na kutoboa jingine dogo, nami yangu imefanyiwa hivyo, lakini chuma chake bado ni cha enzi ya baruti nyeusi. Yapo maboksi ya .45-70 yaliyopakiwa kwa ajili ya bunduki za kisasa kama Ruger No. 1, iliyoingia sokoni miaka ya 1960 na ambayo, nalisema kwa wivu, ina mpira mzuri kitakoni. Someni maandishi ya boksi kabla ya kununua.

Mtaniuliza kwa nini nisiukate mti huu na kufunga mpira. Bei, ndugu zangu. Winchester ya asili iliyokatwa kitako, au iliyopakwa rangi upya kwa nia njema, hupoteza sehemu kubwa ya thamani machoni mwa wakusanyaji, na mti uliokatwa haurudi. Kiwanda chenyewe kilikuwa kikipokea oda maalumu za kitako bapa, kama kile cha bunduki ya marisau, na laiti mmiliki wa kwanza wa hii yangu angeligharimia jambo hilo dogo.

Video ya kumimina risasi niliyowaahidi itachelewa, kwa kuwa kalibu niliyonunua inatoa risasi nyembamba kuliko mtutu wangu, nazo hupita zikiyumba na kuacha madini ya risasi kwenye mifuo ya ndani ya mtutu. Nimeagiza nyingine.

Kwa sasa nimeamua hivi: siku za mezani nitakivika kitako mfuko huu wa ngozi unaofungwa kwa kamba, ambao hauhitaji hata skrubu moja kuingia mtini, na siku za kusimama nitauvua. Nateremsha bloku, mwone chemba ni tupu, kisha niende kuuosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, maana masizi ya baruti nyeusi hufyonza unyevu na kutu haitanisubiri nimalize kujibu maswali yenu.