Pikipiki Hizi Zina Wenyewe

Nianze na lile neno, maana ndilo linaloniwasha mpaka leo. "Mzee, pikipiki hizi zina wenyewe." Kijana wa kaunta ya huduma kaniambia hivyo kwenye simu, mimi nimesimama kituo cha mafuta maji yananiingia shingoni, na dubwana langu liko pembeni limewaka taa zote kama meli, halisogei hata hatua moja.

Zina wenyewe! Na mimi niliyelilipia ni nani, mlinzi wake?

Basi. Nina pikipiki mbili, na zote nimeziendesha miaka ya kutosha kuzitukana bila kuuliza mtu. Ndogo ni ya cc 125, silinda moja, kabureta, kiki ya kuwashia kwa mguu. Kubwa ni zile za safari ndefu: injini ya zaidi ya cc 1,200, kioo cha mbele kinachopanda na kushuka kwa kitufe, mashikio yanayopasha viganja moto, masanduku matatu, redio. Walioitengeneza siwataji. Mengine yameandikwa kwenye vipeperushi vyao, kasome huko. Mimi nataka kuzungumzia swichi.

Ilikuwa msimu wa mvua, mwaka juzi au ule wa kabla yake. Nimetoka mbali, safari ilikuwa tamu (hilo nitalikiri baadaye, kwa shingo upande), nikasimama kujaza mafuta. Nikalipa, nikavaa glavu, nikapandisha stendi, nikakamata klachi, nikatia gia ya kwanza. Tak. Injini kimya. Nikadhani mkono umeniteleza. Nikarudi frii, nikabonyeza kitufe, ikawaka bila kinyongo, inakoroma kama paka aliyeshiba. Gia ya kwanza: tak, kimya. Mara ya nne nikawa nishamjua adui.

Kwa asiyejua: pale stendi ya pembeni inapoungana na chombo pana swichi. Kazi yake ni njema, siipingi. Ukisahau stendi chini ukaondoka, kona ya kwanza ya kushoto itachimba lami na kukurusha. Kwa hiyo swichi ikiona stendi iko chini halafu umetia gia, inakata moto. Sasa stendi yangu ilikuwa juu, nimeiona kwa macho yangu mawili, nimeishika kwa mkono. Lakini tope lilikuwa limejaa pale kwenye maungio, na swichi ikaapa kwamba stendi iko chini. Kompyuta ikaiamini swichi. Mimi mwenye macho, mwenye mkono, mwenye risiti, haikuniamini.

Nikapiga magoti kwenye maji. Kitu chenyewe ni kidude cheusi cha plastiki, ukubwa wa kifuniko cha chupa, waya mbili zimekitoka nyuma, na tope limekauka juu yake halafu likalowa tena, likawa kama ugoro. Nilikuwa na bisibisi. Nilikuwa na kitambaa. Mambo mabaya kuliko hayo nimeyasafisha kando ya barabara na ile ndogo, gizani, kwa tochi ya mdomoni. Dakika kumi zingetosha. Kosa langu nikasema ngoja niwe mstaarabu, niwapigie kwanza.

"Umeigusa?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Si pole, si uko wapi mzee wangu, si umeumia. Umeigusa? Nikamwambia bado, ila tatizo nimeliona, ni swichi ya stendi, nataka tu kuitoa tope. Akacheka. Hakucheka sana, laiti angecheka sana. Alipumua tu puani, kile kicheko cha mtu anayemwonea huruma mjinga. "Usiiguse. Ukiigusa waranti inakufa. Mzee, pikipiki hizi zina wenyewe, si za kuchokonoa na bisibisi."

Nikakaa kimya. Mpaka leo najilaumu kwa ule ukimya kuliko kitu kingine chochote.

Kijana wa pampu naye akaja: "Mzee, isukume basi pembeni, watu wanasubiri." Kuisukuma! Kilo mia tatu na ushee, tanki limejaa, masanduku yamejaa, sakafu ina maji na mafuta, na kwa bahati mbaya ina mwinuko kidogo. Tulikuwa watu watatu na bado ilikuwa kama kumhamisha ng'ombe aliyelala. Mimi nimeshika usukani, wenzangu wanasukuma masanduku, na moyoni naomba isilale upande wangu. Maana hizi zikishapita pembe fulani hazizuiliki, unachoweza ni kuzishusha taratibu kama jeneza. Nishawahi kuilaza mara moja, nimesimama tu kwenye kokoto, mguu ukateleza. Kuinyanyua ni lazima uipe mgongo, uegemeze makalio kwenye kiti, usukani umeukata mpaka mwisho, halafu urudi kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo. Mtu wa umri wangu, mchana kweupe, anaisukuma pikipiki kwa makalio.

Ndipo akafika yule dogo kwenye kipikipiki cha matope, kiti kimefungwa mpira, taa moja ya kuwashia kona haipo.

"Shikamoo mzee. Imegoma?"

"Marahaba mwanangu. Imegoma."

Akaizunguka yote, polepole, kwa heshima, mikono nyuma. Akainama, akainuka. "Sasa kiki yake iko wapi?"

Haina, nikamwambia. Najua kiki isingenisaidia kitu siku ile, injini ilikuwa inawaka, tatizo lilikuwa gia. Lakini swali lake lilinichoma kwa sababu lilikuwa swali la haki: mwenye chombo kaachiwa nini cha kufanya kwa mguu wake mwenyewe? Na msiniambie kubwa haiwezi kuwa na kiki. Honda Gold Wing ya kwanza kabisa, ya mwaka 1975, mama wa hizi za safari, ilikuwa na mkono wa kiki wa dharura. Ile iliyoonekana kama tanki haikuwa tanki, mafuta yalikaa chini ya kiti. Ukiifunua, mkono wa kiki umo ndani. Yaani waliounda pikipiki nzito ya silinda nne wakati ule walimfikiria mtu aliyekwama peke yake njiani. Leo ukifunua kifuniko unakuta kifuniko kingine, na chini yake skrubu za nyota ambazo bisibisi yako haiingii.

Dogo akanipakia. Magoti yangu karibu na masikio, begi kifuani, mvua usoni, na kile kipikipiki kinapiga kelele kama cherehani chini yetu. Kwenye mlima akashuka gia mbili, kikapanda huku kinalalamika. Nikajikuta nacheka. Sijui kama ni hasira au ni nini, lakini nilicheka mpaka nyumbani.

Lile dubwana lilibebwa na lori. Karakana likakaa siku, siku zikawa wiki, kila nikipiga wanasema liko kwenye foleni. Siku ya kulichukua nilifika mapema kusudi, nikasimama nyuma ya kioo. Fundi akaja, akapuliza dawa kwenye swichi, akafuta kwa kitambaa, akachomeka kompyuta, akachomoa kompyuta. Chai yangu haikuwa imepoa. Kitambaa! Kwenye bili hawakuandika kitambaa, waliandika uchunguzi wa mfumo wa umeme, na uchunguzi huo ulikuwa na bei ya uchunguzi. Yule wa kaunta alinipa funguo bila kuniangalia.

Kwa hiyo mkiniuliza ipi inunuliwe, nasema ndogo. Ndogo, ndogo, ndogo. Asubuhi unavuta choki, unafungua koki ya mafuta, unaitafuta kiki kwa mguu mpaka uisikie inashika, pale inapokuwa nzito kidogo, halafu unaipiga. Ikikataa, unajua sababu ni chache: mafuta, moto au hewa. Plagi unaitoa kwa spana moja na kuifuta kwa pindo la shati. Ikikohoa njiani, mkono wa kushoto unashuka wenyewe chini ya tanki, unazungusha koki kwenye rizavu, yale mafuta ya akiba, bila kutazama, na haijasimama. Mtu aliyewahi kufanya hivyo katikati ya mwendo anajua raha yake, ni kama kumshika mtoto kabla hajaanguka. Kona unaigeuza popote kwa kuweka mguu chini. Ikianguka unaiokota huku unaongea na simu. Na unaweza kuifungulia moto wote mpaka mwisho wa mkono, injini inalia, upepo unakuvua machozi, unajiona mwanariadha, kumbe hata basi halijakuona kama tishio. Kubwa sijawahi kuifungulia mpaka mwisho hata siku moja. Nani ana barabara hiyo? Nani ana roho hiyo?

Na hili la udogo si umaskini wa akili. Super Cub, pikipiki ndogo ya Honda, ilipotoka mwaka 1958, klachi ya mkono iliondolewa kabisa, ili mpeleka chakula aendeshe kwa mkono mmoja na sinia aibebe kwa mwingine. Walianzia kwa yule mwenye sinia, ndipo wakaja kwenye injini. Kufika 2017 zilishatengenezwa zaidi ya milioni 100, hakuna chombo kingine cha injini kilichofika hapo. Wenyewe ni hao, milioni mia.

Sasa ngoja nikiri, maana mke wangu akisoma atanisuta.

Ile safari iliyoishia kwenye pampu ilikuwa tamu. Tulikuwa tumemtembelea dada yake, yeye akabaki huko, mimi nikarudi peke yangu. Wakati wa kwenda alikaa nyuma, kaegemea sanduku, na katikati ya njia nikahisi kofia yake inagonga ya kwangu taratibu. Kalala. Kalala, kwenye pikipiki, kwenye mwendo wa barabara kuu, na lori limetupita bila chombo kutikisika. Na ndogo lori likikupita linakuvuta kwanza halafu linakuzaba kofi, na wewe umeinamia usukani kama unamwomba mtu msamaha. Baada ya masaa mawili vidole vyote vimekufa ganzi kwa mtetemo. Usiku taa ya ndogo yangu hufuata mapigo ya injini: ukipunguza moto kuingia kona, pale hasa unapotaka kuona, nayo inasinzia. Mke wangu nyuma ya ndogo hunipiga ngumi za mbavu kila shimo. Mbavu zangu ndizo spidomita yake.

Na mlimani, kubwa ikiwa gia ya tatu, unafungua moto kidogo tu, inakunyanyua kwenye kona bila haraka, bila kelele, kama mtu mzima anayenyanyua gunia. Hapo najichukia, kwa sababu nafurahi.

Tangazo la kuiuza nimeliandika mara tatu. La kwanza nililiandika siku ile ile, nikiwa bado nimelowa, na lina maneno ambayo siwezi kuyarudia. La tatu mke wangu kalikuta kwenye simu. "Baba watoto, kama ni kuuza, uza kale kacherehani." Nikamwambia kacherehani kama hako ndiko kalikokuja kuniokoa. Akasema aliyekuokoa ni kijana wa watu, na hata jina hukumuuliza. Kweli, sikumuuliza.

Kwa hiyo hukumu yangu sijui tena iko wapi. Nilianza kuandika nikiwa na uhakika kabisa. Anayenunua kwa ajili ya mgongo na mwenza wake, kubwa ni kiti cha enzi, hilo siwezi kulikana. Ila swichi ya enzi ni ya plastiki na ina ukubwa wa kifuniko cha chupa.

Juzi mvua ilinyesha tena, na tena gia ya kwanza: tak, kimya. Safari hii nilikuwa nyumbani, na simu sikuigusa. Nilichukua mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na kitambaa, nikalala chini ubavu, nikasugua pale kwenye maungio mpaka plastiki ikaonekana rangi yake. Nikaikausha. Stendi juu, klachi, gia ya kwanza. Ikaenda, na mpaka sasa inaenda.

Jana simu ikaita, namba ya karakana. Sauti ile ile, pua ile ile, safari hii ina adabu: muda wa huduma umefika, tunapenda kukumbusha wateja wetu. "Samahani, naongea na mwenye pikipiki?"

Nikamwambia mwenyewe hayupo.