TAHADHARI: Mpini wa kamera "unaoelea" wa Instagram unazama

Ndugu zangu wa boti za kisiwa cha Mnemba, hapa Unguja, na nyote mnaokwenda snokeli, yaani kutazama matumbawe kwa miwani na mrija, huku mmebeba kamera, naomba msome hili kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji Instagram anauza mipini ya kamera ya rangi ya chungwa kwa shilingi 45,000. Anaandika "orijino, haizami". Anasema yuko Dar na mzigo anautuma Unguja kwa boti. Nilinunua kwake, na kamera yangu sasa iko chini ya bahari.

Kazi yangu ni kupiga picha wageni wakiwa majini. Natumia GoPro, ambayo yenyewe inahimili maji hadi mita 10, na kwa snokeli hiyo inatosha kabisa. Lakini ina uzito wa gramu 150 hivi na haielei hata kidogo. Ikikuponyoka, inakwenda chini moja kwa moja. Kwa hiyo mpini kwetu ni zaidi ya kishikio, maana ndio unaotakiwa kuirudisha kamera juu.

Siku ya tatu ya kuutumia ilikuwa bamvu, maji yanavuta sana. Mama mmoja mgeni akaingiwa na maji kwenye mrija, akashtuka, akanikamata mkono kwa nguvu zake zote. Ugwe wa mpini ukakatika pale kwenye pete. Sikuhangaika, nikamshika yeye kwanza, kwa kuwa niliiona kamera inaelea pembeni. Nilipomfikisha kwenye ngazi ya boti nikageuka, ile rangi ya chungwa ilikuwa tayari inashuka, imesimama wima, taratibu, mpaka ikapotea kwenye buluu. Pale chini huoni mchanga. Nahodha alizunguka na sisi karibu nusu saa, hatukupata kitu.

Mwenzangu alikuwa amenunua kwa mtu huyohuyo. Jioni tukachukua mpini wake, tukaufunga kamera yake, tukautia kwenye ndoo. Ukaelea vizuri. Tukakaa tunautazama. Vipovu vidogo vikaanza kutoka kwenye kifuniko cha chini, na haikufika dakika kumi ukawa umekaa kwenye kitako cha ndoo. Tukaukata kwa msumeno. Ndani mtupu! Hakuna sponji, na kile kifuniko hakina hata mpira wa kuzuia maji. Ile pete ya ugwe imebandikwa kwa gundi tu.

Sasa angalieni anavyotuingiza mjini. Video yake ni ya sekunde chache, na mpini ameutupa majini peke yake, bila kamera. Chupa tupu nayo ingeelea hivyo. Nilipoitazama tena niliona mkono na beseni la mtu mwingine kabisa, na nembo ya duka jingine imefunikwa kwa maandishi. Sehemu ya maoni kaifunga. Kulipa mzigo ukifika hataki. Na jina lililotokea kwenye simu wakati natuma pesa halikufanana na jina la duka. Hapo ningepaswa kusimama, lakini nikaendelea, kwa sababu nilikuwa na wageni kesho yake.

Nilipomlalamikia alisema nimefunga vibaya. Nikamtumia picha za ule uliokatwa, akajibu mali ikishatoka hairudi, kisha akanibloku. Wiki iliyofuata nikaona picha zilezile kwenye akaunti yenye jina jipya, bei imeshuka hadi 38,000. Msijifariji kwamba hamfuati ile ya kwanza.

Kama unao mpini wa namna hii, popote ulipoununua, usiku huu ufunge kitu chenye uzito wa kamera yako, utie kwenye ndoo ya maji ya bomba, uuache saa nzima. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya bomba na yanabeba zaidi, kwa hiyo ukiweza kuelea ndooni, baharini hauna shida. Uvute ugwe kwa nguvu, kama mtu aliyeshtuka anavyovuta. Skrubu ya kushikilia kamera ikaze kila unapoingia majini, maana mawimbi huilegeza. Na msivae ugwe shingoni, hata kama kamera ni ya mkopo. Ukinasa kwenye jiwe au kwenye kamba ya nanga, utakushikilia chini. Vaeni mkononi, wa aina inayofunguka haraka.

Mimi sasa nafunga vitu viwili vinavyojitegemea: boya dogo la sponji nzima mgongoni mwa kamera, na ugwe uliofungwa kwenye fremu yake, si kwenye mpini. Kimoja kikishindwa, kingine kipo.

Risiti za muamala na mazungumzo yote ninayo. Aliyetapeliwa na mtu huyu anitumie ujumbe, tupeleke malalamiko pamoja, maana mmoja mmoja anatuona wepesi.

Na ninyi mnaozamia na mitungi upande ule wa Mnemba, mkikuta kamera imesimama mchangani na mpini wa chungwa, tafadhali niletee. Kadi yake huenda bado ni nzima. Ndani kuna picha za yule mama na mumewe, miaka 30 ya ndoa yao, na nimewaahidi kwamba zikipatikana nitawatumia.