Nyota moja kwa duka, tano kwa korongo (nimeshabadilisha mara mbili)

Nimekaa na hasira hii muda mrefu nikajiambia itapoa, haijapoa, leo naandika. Mwaka juzi, nadhani ilikuwa mwezi wa sita mwishoni maana watalii walikuwa bado hawajajaa, mimi na shemeji tulikodi baiskeli za mbio kusini mwa Ufaransa tukateremke korongo la mto Tarn kuanzia Florac. Duka silitaji, wala mji lilipo. Mambo ya fremu na gia ngapi siyagusi, yapo kwenye tovuti yao na mapicha kibao. Mimi nimekuja kuongelea tyubu. Tyubu moja tu.

Nisiwe mnafiki, baiskeli yenyewe ilikuwa safi. Kijana wa pale alinipimia siti vizuri, akakaza hiki na kile, halafu akafunga kifuko kidogo chini ya siti, akakipiga kofi kama mtu anayemsifia ng'ombe mnadani, akasema kila kitu kimo humu. Nikamwamini. Mimi mtoto wa Shinyanga, nimekua na Phoenix ya baba, mtu akinipigia kofi kifuko cha vifaa namwamini, ndiyo kosa langu la kwanza.

Asubuhi ilikuwa tamu sana jamani. Ukipita Ispagnac kuta zinaanza kukusogelea pande zote mbili, mto uko chini kushoto, kijani kama chupa, barabara imebanwa kati ya mwamba na kiukuta kifupi cha mawe. Kuna kijiji kinaitwa Castelbouc ng'ambo ya mto, nyumba zimegandana na jabali mpaka huelewi ukuta wa mtu unaishia wapi na mwamba unaanzia wapi. Magari yanakupa nafasi, sheria yao nje ya mji ni mita moja na nusu na wengi wanaifuata, hata yale makaravani marefu yanakaa nyuma yako kwa adabu mpaka kona iishe (sisi huku nyumbani basi lingekupigia honi mpaka uingie mtaroni). Sainte-Enimie tukajaza chupa za maji. Wana hadithi yao pale ya binti mfalme aliyekuwa na ukoma akapona kwa kuoga kwenye chemchemi, shemeji akanisomea yote kwenye kibao kwa sababu Kifaransa anakijua, yeye Mrundi, mimi changu ni cha kuombea mkate.

Halafu shemeji akachomoka. Huyu amekulia Bujumbura akiwaangalia wale jamaa wanaoshusha mikungu ya ndizi kutoka milimani kwa baiskeli bila kugusa breki, kwa hiyo akiona mteremko akili inamtoka. Nikamwacha aende. Nimepita Saint-Chély, kile kijiji chenye maporomoko yanayomwagikia mtoni, nimepita handaki la mwamba, natoka tu kwenye mwanga nasikia pssssss. Kijiwe. Kule vijiwe vinadondoka toka juu, kuta zina mita kama 500 hivi, barabara haiwezi kuwa safi muda wote, hilo silaumu mtu.

Sawa, pancha ni pancha. Nikakaa kwenye kiukuta, nikatoa gurudumu, nikafungua kifuko. Tyubu moja, vile vijiko viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, funguo. Hakuna kiraka hata kimoja, hakuna solusheni. Nikatia tyubu mpya, nikarudisha tairi, nikageuza nitafute valvu nijaze upepo, valvu haipo. Yaani ipo lakini imezama! Rimu za ile baiskeli ni zile nene za kaboni, zina kina karibu upana wa vidole vitatu, na tyubu waliyonipa ina valvu ya rimu ya kawaida. Kichwa chake kimechungulia kwenye tundu kama pua ya panya. Pampu haishiki. Nikabonyeza tairi kwa juu ili valvu itokeze, ikatokeza kidogo, nikiachia ikarudi. Nimehangaika hivyo mpaka vidole vikawa vyeusi, jua limesimama kichwani, na pale kwenye mwamba joto linakurudia mara mbili.

Nikapiga simu. Mtandao ulikuwa unakuja ukisimama juu ya ukuta ukanyoosha shingo. Ilikuwa saa sita na robo hivi mchana, na anayeijua Ufaransa ya vijijini ameshacheka, maana saa sita kila kitu kinafungwa, bekari, duka, posta, hata paka nadhani. Ikajibu mashine, njoo saa nane. Kwenye mkataba kulikuwa na namba nyingine ya dharura, nikapiga hiyo, akapokea mwanaume, nasikia uma zinagonga sahani. Nikaanza moja kwa moja, nina tatizo, tyubu yenu haifai. Kimya. Halafu akasema "Bonjour." Nikarudia, mzee nina tatizo, niko barabarani. "Bonjour, monsieur." Nikaelewa. Nikameza mate nikasema bonjour. Ndipo akauliza haya, kuna nini.

Hapa nakubali na sitapindisha. Kwao usiposalimia umemtukana mtu, na mimi niliyefundishwa shikamoo kabla ya kufundishwa kuhesabu sikuwa na sababu ya kuingia na kelele. Mama angenizaba kofi. Lakini mzee, salamu umepata, sasa nisaidie! Akaniambia tyubu zote ni sawa. Nikasema si sawa, hii valvu fupi. Akasema ulitakiwa kukagua kabla ya kutoka, na mkataba unasema pancha ni juu ya mteja, basi nipigie saa nane. Akakata. Nikague nini? Kile kifuko ulichokipiga kofi?

Nimekaa pale nikawakumbuka mafundi wetu. Fundi wa chini ya mwarobaini ana beseni la maji, msasa, kipande cha tyubu ya trekta, dakika kumi umeondoka. Nikawakumbuka pia vijana waliokuwa hawana hata hela ya fundi, wanakunja tyubu pale penye tundu wanaifunga kwa mpira kitanzi, inakwenda. Tyubu yangu ya mwanzo, ile yenye pancha, valvu yake ilikuwa ndefu! Sasa mpira nautoa wapi? Nikaitazama ile tyubu mpya ya duka. Kwenye zile funguo kulikuwa na kisu kidogo. Nikaikatakata vipande vyembamba kama vya manati, bila huruma, nikakunja ile ya zamani penye tundu nikaifunga, nikakaza kwa meno, nikafunga tena. Nikajaza upepo taratibu. Ikashika. Si sana lakini ikashika.

Nimeendesha hivyo mpaka La Malène, kila mzunguko pale penye fundo tairi linaruka, tu-tup, tu-tup, tu-tup, kilomita zote zile, nikiwaza nimelipa yuro 50 na kitu kwa siku kuendesha baiskeli inayochechemea. Na bado, sijui niseme nini, kwa mwendo ule wa kobe ndipo nikaliona lile korongo. Mitumbwi ya watalii inapita chini kimya, tumbusi wanazunguka juu kabisa (waliisha kule, wakarudishwa miaka ya 1980). Ningekuwa na tairi zima ningekuwa nimeinamisha kichwa nakimbizana na shemeji.

La Malène nikamkuta shemeji kakaa kivulini anakula jibini, eti alidhani nimesimama kupiga picha. Kifuko chake kina tyubu ileile ya valvu fupi, ila rimu zake nyembamba, kwa hiyo yake ingefaa. Wametia vifuko vya aina moja baiskeli zote bila kuangalia rimu! Kwenye meza ya jirani walikuwa wazee wa klabu, wastaafu watupu, jezi moja, miguu kama nyaya za umeme. Safari hii nikaanza na bonjour, tena nikawapa mmoja mmoja. Mmoja akashuka kuangalia fundo langu, akawaita wenzake waje waone, wakalishangaa kama nimefanya upasuaji. Akanipa tyubu ya valvu ndefu, hela akakataa. Akauliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akasema aah, Girmay! Nikamwambia Biniam Girmay, yule mwendesha baiskeli za mbio, ni wa Eritrea, akasema ni kulekule. Shemeji akanuna. Mimi nina tyubu ya mtu mkononi, nibishane na nini?

Muda ulikuwa umeshakwenda. Mpango wetu wa kufika Le Rozier na kurudi kwa korongo la Jonte ukafa, tukaishia Les Vignes kuangalia yale majabali yaliyoporomokea mtoni, tukageuza.

Sasa dukani. Alikuwa mwanaume wa kwenye simu, sauti nimeijua. Bonjour, bonjour. Akafungua kifuko, akatoa vipande vya tyubu, akaviweka juu ya meza kimoja kimoja mstari mmoja. Akasema umeharibu tyubu, yuro 9, nakata kwenye dhamana. Nikamweleza tena habari ya valvu, nikachukua tyubu nyingine kutoka kwenye sanduku lake nikaiweka kwenye rimu nikamwonyesha kwa macho yake ilivyozama. Akaangalia. Akaangalia kweli, akaigusa na kidole. Halafu akasema "ah, oui", yaani ah, ndiyo, na akakata yuro 9.

Nilianza na nyota moja. Nikikumbuka baiskeli ilivyokuwa inapanda gia kama siagi nikaweka tatu, maana kazi ya yule kijana ilikuwa nzuri na mimi salamu nilikosea. Sasa nimeandika mpaka hapo kwenye "ah, oui" damu imepanda tena, nimerudisha moja. Shemeji anataka twende tena mwaka huu tumalizie Jonte, na kwa bei ile sijaona wengine, kwa hiyo pengine mtanikuta palepale. Nitakuwa na tyubu yangu mfukoni.