Turbo Yangu Ilikuwa Nzima, Wao Walitaka Kunifungia Nyingine

Kama gari lako la turbo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) limetiuniwa, yaani programu ya kompyuta yake imeandikwa upya ili livute zaidi, na sasa limeanza kukosa nguvu, halafu mtu wa kaunta akakwambia turbo imekufa wakati hakuna fundi aliyelegeza hata klempu moja, omba ufunguo wako uondoke. Usibishane naye. Mimi nilibishana, nikadhalilishwa mbele za watu, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Nianze na haki ya gereji iliyonidhalilisha hivyo, maana wanayo. Gereji hiyo ndiyo iliyonitiunia gari, na programu waliyoniandikia ilikuwa tamu. Gari lilianza kuvuta mapema, karibu na mizunguko elfu mbili ya injini kwa dakika, likapanda bila kushtuka na bila injini kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani yake. Nililifurahia kwa muda mrefu. Kwa kazi ile ningewapa nyota zote, na rafiki zangu niliwaelekeza huko kwa moyo mweupe.

Kisha gari likaanza kubadilika polepole, kiasi kwamba mwanzoni nilidhani ni joto au mafuta mabaya. Mjini lilikwenda vizuri tu. Lakini ukiweka gia ya tatu ukakanyaga mpaka mwisho, linapanda kidogo halafu linagoma, kama mtu anayepuliza puto lenye tundu. Filimbi ya turbo nayo ilibadilika: zamani ilikuwa nyembamba na safi, sasa ikawa na pumzi ndani yake, shhh, hasa kwenye mlima. Mafuta yakaanza kuisha haraka. Nyuma, ukikanyaga sana, moshi mweusi. Mwishowe taa ya injini ikawaka, gari likaingia kwenye hali ya kujilinda, likakataa kabisa kuvuta hadi nilipozima na kuwasha upya.

Nikalipeleka kwao, kwa nani mwingine? Walioandika programu ndio wanaoijua injini yangu. Wakachomeka mashine, ikatoa msimbo P0299. Wenye magari ya turbo wanaufahamu: kompyuta iliomba presha fulani, presha iliyofika ikawa ndogo. Basi. Msimbo huo hausemi kwa nini. Inawezekana hozi inavuja. Inawezekana vali inayoachia presha unapoondoa mguu kwenye mafuta imechanika ngozi yake ya ndani, au westigeti, mlango unaopunguza moshi unaozungusha turbo, haifungi sawasawa, au solenoidi, vali ya umeme inayoiongoza, imechoka. Kichujio kinaweza kuwa kimeziba, katalisti, kile kisafisha moshi, inaweza kuwa imeziba ekzosi ikakosa pa kupumulia, hata sensa ya presha inaweza kuwa inadanganya. Turbo iliyokufa ni jina moja tu kati ya hayo yote, nalo ndilo ghali kuliko mengine.

Mtu wa kaunta akarudi na karatasi. Turbo mpya, gasketi zake, oili, ufundi. Nikamuuliza kwa adabu, "Samahani ndugu yangu, mmelipima kwanza kama linavuja hewa?"

Akaniangalia toka juu hadi chini. "Mashine imeshasema."

"Mashine imesema presha ni ndogo. Haijasema turbo."

Hapo ndipo aliposema maneno ambayo yakinijia hata nikiwa barabarani napandwa na joto usoni. "Wewe ni fundi? Kama ni fundi, umelileta hapa la nini?" Aliyasema kwa sauti kubwa, wateja waliokaa kwenye benchi wakageuka kunitazama. Kisha akanipa mgongo, akapokea simu, akaanza kucheka na mtu wa upande wa pili huku karatasi yangu iko mkononi mwake.

Ninataka hili lieleweke. Sikwenda kumfundisha mtu kazi. Anayelipa ana haki ya kuuliza ni kipimo gani kimefanyika kabla hajatajiwa kitu cha kununua, na swali langu lilikuwa la kujibiwa kwa neno moja: ndiyo au hapana. Jibu lilikuwa hapana, ndiyo maana akakasirika. Gari langu lilikuwa uani vilevile nilivyoliacha, boneti imefungwa, vumbi la boneti halina hata alama ya kidole. Na bado walinitoza hela ya kupima!

Akaja bwana anayeandika programu, mwenye heshima kuliko yule, nikapata matumaini. Akaniambia taratibu, "Kama turbo unaiona ghali, tunaweza kukurekebishia kwenye programu. Tunaiambia westigeti ifunge zaidi, presha itarudi, na ile taa tutaizuia isiwake."

Afadhali yule aliyenipigia kelele. Huyu alinitajia njia ya kuua turbo nzima, tena kwa sauti ya upole. Turbo ya gari dogo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nyingine hupita 200,000. Hewa ikivuja baada ya turbo, ili injini ipate presha ileile inabidi turbo izunguke kwa kasi zaidi isukume hewa ya injini pamoja na ile inayopotea njiani. Hewa inazidi kupata moto, intakula, yaani kipoza hewa hiyo, inazidiwa, injini inasogea karibu na kugonga, na turbo inapelekwa kwenye kasi ambayo haikutengenezewa. Ukiongezea hapo kwenye programu, halafu ukazima taa iliyokuwa inakuonya, umemfunga mwenye gari kitambaa machoni. Nikachukua ufunguo.

Ila nitakuwa dhalimu nisipomtaja kijana mmoja wa palepale. Wakati natoka alinisogelea akanong'ona, "Bosi, kabla hujanunua kitu, kapimishe hozi." Sitasema anafanya kazi gani pale, asije akapata matatizo. Mungu ambariki. Kwa ajili yake nilikuwa nimeamua kuandika kwamba mafundi wa mle ndani ni wazuri, shida ni kaunta.

Fundi wa pili ni mzee wa maneno machache. Hakuanza na kompyuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza sauti ya pumzi nimeanza kuisikia lini na kama inakuja tu gari likikanyagwa. Kisha akafungua paipu inayoingiza hewa kwenye turbo, akaziba mdomo wake kwa kifuniko chenye nipeli, akaunganisha kompresa yenye regyuleta, akaziba na njia ya pumzi ya oili. Akaanza kuingiza hewa kidogo kidogo. Kwenye 0.3 bar kulikuwa kimya. Nikaingiwa na hofu kwamba labda yule wa kaunta alikuwa sahihi. Alipokaribia nusu bar, kutoka chini ya gari, shhh. Sauti ileile.

Akalipandisha gari, akapuliza maji ya sabuni kwenye hozi inayotoka intakula kwenda kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Upande wa chini, pale inapogusana na kibano cha chuma, povu likafumka likawa linakua lenyewe. Akaniita niweke mkono. Upepo ulinipiga kiganjani. Akapunguza hewa, ufa ukajifunga, ukipitisha kidole husikii kitu. Akaongeza, midomo ya ufa ikaachana. Ndiyo sababu mjini, gari likiwa na presha ndogo, lilikuwa zima.

Na kuna kitu alinionyesha kwa tochi tu, bila kifaa chochote. Kuzunguka ule ufa kulikuwa na mstari mweusi wa oili iliyoshika vumbi, unene wa kidole, unateremka mpaka kwenye kibano. Mvuke wa oili kidogo hupita kwenye mabomba hayo, na pale hewa inapotoka hutoka nao, vumbi likaganda. Mstari ule haukuota siku ile. Mtu yeyote mwenye tochi, akilala chini ya gari kwa muda wa kunywa maji, angeuona. Wao hawakulala. Waliniandikia turbo.

Turbo yenyewe mzee aliikagua kwa kuwa paipu lilikuwa tayari wazi. Aliushika mhimili wake kwa vidole viwili: kulikuwa na kucheza kidogo kwa upande, jambo la kawaida kwa turbo zenye bearingi za kuelea juu ya oili. Kwenda mbele na nyuma, hakuna. Mapanga hayajagusa ukuta, hayana hata mkwaruzo. Nzima kabisa.

Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi, akanieleza kwa nini, na hili niliweke hapa kwa faida ya wenye magari yanayopima hewa kwa sensa iliyo mwanzoni mwa njia, kabla ya turbo. Hewa ikishapita kwenye sensa imehesabiwa. Ikivujia mbele, kompyuta haina habari. Inamwaga petroli ya hewa ambayo haikufika. Ndiyo moshi mweusi ule, ndiyo mafuta yaliyokuwa yanaisha. Gari linalotegemea sensa ya presha peke yake linaweza kuvuja bila kutoa moshi huo, kwa hiyo usikae ukiusubiri. Plagi akaweka mpya na kuzipunguza pengo, maana presha kubwa huzima cheche ya pengo pana.

Hozi mpya ikafungwa. Tukatoka, gia ya tatu, kutoka chini mpaka juu huku data ikirekodiwa. Kabla ya hapo mistari miwili, presha iliyoombwa na presha iliyofika, ilikuwa imeachana, na solenoidi ilikuwa inasukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake bila mafanikio. Sasa mistari ikashikana na solenoidi ikashuka sana. Nguvu ikarudi yote. Nilitaka kuishia hapa, niseme gereji ile ya kwanza nendeni kwa programu tu, kwa matatizo nendeni kwingine. Huo ndio uliokuwa uamuzi wangu.

Siku chache baadaye taa ikawaka tena. P0234, kinyume cha ule wa kwanza: presha imezidi iliyoombwa. Hozi mpya, hewa yote inafika, na gari linarusha presha kupita kiasi kila turbo inapoamka. Nikarudi kwa mzee. Akaniuliza kama nina rekodi ya siku nilipotiuniwa. Ninayo, walinitumia faili wenyewe, niliihifadhi kwa kuwa niliona fahari nayo. Tukaifungua.

Mle ndani, kwenye mizunguko ya juu, presha iliyofika ilikuwa tayari inaachwa nyuma na iliyoombwa, na solenoidi inapanda kuifukuza. Mzee alisita, kwa haki kabisa, akasema turbo ndogo huishiwa pumzi huko juu na hilo peke yake si kosa. Lakini akaweka rekodi mpya pembeni yake. Mizunguko ileile, presha ileile inayoombwa, na sasa haiachwi nyuma. Turbo haikuwa imeishiwa pumzi. Ufa ulikuwa umeshaanza siku wanaandika programu, dalili iko kwenye grafu yao, na badala ya kushuka kutafuta hewa inakwenda wapi waliisukuma zaidi westigeti mpaka namba zikapendeza. Kile alichotaka kunifanyia yule bwana mpole walikuwa wameshanifanyia mwanzoni kabisa.

Basi sifa nilizowapa juu nazirudisha. Siwezi kusema programu ilikuwa nzuri wakati iliandikwa juu ya gari linalovuja, na mwandishi wake alikuwa na ushahidi mbele ya macho. Ulaini ule wote niliousifia ulikuwa unanunuliwa kwa kasi ya ziada ya turbo yangu. Rafiki zangu niliowaelekeza huko nimewapigia, nimewaambia wakapime kwa hewa, na waombe rekodi zao waziangalie mistari miwili hiyo.

Kwa sasa naendesha kwa mguu mwepesi, kwa ushauri wa mzee, mpaka programu iandikwe upya na mtu mwingine. Hiyo ni gharama ya pili kwa kazi ambayo nilishailipia. Niliwaandikia wale wa kwanza kistaarabu, nikawawekea picha ya ufa, video ya povu na grafu zote mbili, nikaomba hela ya kupima irudi, kwa sababu hawakupima, na programu waiandike upya bila malipo. Jibu lilitoka kwa mtu yuleyule wa kaunta: gari likishaguswa na fundi mwingine, wao hawahusiki. Hela bado wanayo.